SABnzbd Kabla ya Faili ya Kwanza: Mipangilio ya Jumla na Maana Yake

SABnzbd ni programu ya bure inayopakua faili kutoka makundi ya habari ya Usenet, na jambo la kwanza linalomshangaza anayeifungua ni kwamba haina dirisha lake. Mtu huisakinisha, huibofya, na kinachofunguka ni kivinjari kilekile anachosomea magazeti, juu yake pakiwa na anwani ya tarakimu: 127.0.0.1, kisha nukta mbili na 8080. Programu yenyewe iko nyuma ya pazia, inafanya kazi kimyakimya. Ukurasa ule ni mahali pa kuipa maagizo tu. Maswali mengi ya sehemu ya mipangilio ya jumla yanatokana na umbile hilo. Kwa kuwa maagizo hupita kwenye kivinjari, lazima iamuliwe ni nani anaruhusiwa kuyatoa, kutoka kompyuta ipi, na kwa ufunguo gani.

Usenet ni mkongwe kuliko wavuti. Tom Truscott na Jim Ellis, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke huko North Carolina, Marekani, waliubuni mwaka 1979 ili kompyuta za vyuo zipelekeane ujumbe kwa laini za simu. Hauna makao makuu. Seva moja hupokea ujumbe na kuwapasia jirani zake, nao huwapasia wa kwao, mpaka nakala zimeenea kote. Ujumbe mmoja huitwa makala, na makala hupangwa katika makundi kwa mada. Kanuni za mawasiliano ziitwazo NNTP zilitoka mwaka 1986, na ndizo zinazotumika hadi leo zikiwa zimefanyiwa marekebisho. Chuo cha Duke chenyewe kilizima seva yake mwaka 2010, na Google iliacha kupokea makala mpya za Usenet mwezi Februari 2024, lakini kampuni zinazouza huduma hiyo bado zipo, na baadhi yake huhifadhi makala kwa zaidi ya siku 5,000.

Mfumo huo ulitengenezwa kwa ajili ya maandishi. Picha, sauti na programu ziliingizwa kwa ujanja: faili hukatwa vipande, kila kipande kikageuzwa kuwa herufi na kutumwa kama makala. Njia ya zamani ya kugeuza ilinenepesha faili kwa zaidi ya theluthi. Njia iitwayo yEnc, iliyobuniwa na Mjerumani Jürgen Helbing mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikapunguza unene huo hadi kama asilimia 2. Hata hivyo vipande vilibaki vingi. Faili ya gigabaiti 1 huwa makala zaidi ya elfu moja, na kuziokota moja moja kwa mkono ni kazi ya kumkondesha mtu. Hapo ndipo faili ndogo za NZB zilipoleta nafuu. Ndani ya NZB hamna picha wala sauti. Mna orodha tu ya makala zinazounda faili kamili, kama karatasi ya mahitaji anayopewa mtoto anapotumwa dukani. SABnzbd huipokea orodha hiyo, huiomba seva kila makala, huzirudisha katika umbo lake, huziunga, hukagua kama kuna pengo, hulirekebisha kwa faili za ziada ziitwazo PAR2, kisha hufungua furushi zima na kuliweka panapotakiwa.

Sheria ya hakimiliki haibadiliki eti kwa sababu faili imekatwa vipande elfu. Mifumo ya Linux, rekodi zilizokwisha muda wa hakimiliki na kazi ambazo wenyewe wamezitoa bure hupakuliwa bila wasiwasi. Filamu iliyoingia sinema wiki iliyopita haimo katika fungu hilo.

Programu inapowashwa mara ya kwanza huuliza lugha, kisha huuliza seva. Kuna Kiingereza na lugha kadhaa nyingine, Kifaransa kikiwemo, jambo linaloweza kumfaa msomaji wa Bujumbura au Lubumbashi. Seva si sehemu ya mipangilio ya jumla, ina ukurasa wake, lakini bila seva mengine yote ni mapambo. Kampuni ya Usenet humpa mteja anwani ya seva, jina la kuingilia, nywila, na idadi ya miunganisho anayoruhusiwa kufungua kwa wakati mmoja. Poti, yaani mlango wenye namba ambao mawasiliano hupitia, huwa 119 kwa mawasiliano ya wazi na 563 kwa yale yaliyofungwa kwa fumbo. Hakuna sababu ya maana ya kuchagua 119 siku hizi. Kuhusu miunganisho, wengi hudhani kwamba ikiwa kampuni inaruhusu 50, basi 50 ndiyo kasi. Sivyo. Laini ya nyumbani ya kawaida hujaa kwa miunganisho 8 au 10, na inayozidi hapo huichosha ruta tu.

Baada ya hapo ndipo ukurasa wa mipangilio ya jumla unapofunguliwa, na mstari wa kwanza kabisa ndio wenye uzito kuliko yote: anwani ambayo programu inasikiliza. Ikiwa ni 127.0.0.1, programu humsikiliza aliyekaa mbele ya kompyuta ileile na si mwingine. Namba hiyo ni ya kompyuta kujiita yenyewe. Haitoki nje ya chumba. Ikibadilishwa kuwa 0.0.0.0, programu hufungua masikio kwa yeyote aliye kwenye mtandao uleule wa nyumbani. Mwenye kompyuta sasa anaweza kukaa sebuleni na simu, akaandika anwani ya kompyuta iliyo chumbani, tuseme 192.168.1.20 na poti yake, na ukurasa uleule ukafunguka mkononi mwake. Ni raha isiyo na gharama. Lakini katika nyumba ya kupanga ambamo Wi-Fi moja inatumiwa na vyumba sita, au hosteli yenye wanafunzi mia, jirani naye anaweza kuufungua ukurasa huo, akafuta foleni nzima au akahamisha folda. Kwa hiyo 0.0.0.0 na nywila huenda pamoja. Anayeandika ile ya kwanza na kuiacha ya pili wazi ameacha mlango bila komeo.

Mstari wa poti hauna makuu. 8080 ni namba inayopendwa na programu nyingi, Tomcat ya watengeneza tovuti ikiwa mojawapo, na zikikutana mbili kwenye kompyuta moja hugombana. Tiba ni kuandika namba nyingine isiyotumika, kwa mfano 8085. Namba zilizo chini ya 1024 ziachwe, kwani kwenye Linux huhitaji ruhusa za msimamizi mkuu. Kinachosahaulika ni kwamba baada ya kubadili poti, anwani ya zamani haifanyi kazi tena. Mtu hubaki akibonyeza alama aliyoihifadhi kwenye kivinjari na kuamini programu imekufa, kumbe imehamia mlango wa pili.

Jina na nywila vya kuingilia ukurasa huu si vile vya kampuni ya Usenet, na ni vizuri visifanane. Chini yake kuna swali la watu walio nje ya mtandao wa nyumbani, yaani wanaokuja kupitia intaneti. Programu hutoa ngazi kadhaa: kukataa kabisa, kuruhusu kuongeza faili za NZB tu, kuruhusu programu nyingine kuwasiliana nayo bila kugusa mipangilio, na kuendelea hadi kufungua kila kitu. Ngazi ya kukataa kabisa ndiyo inayokuja nayo, na kwa watu wengi ndiyo ya kubaki nayo. Anayetaka kuitazama foleni yake akiwa safarini atafute njia ya VPN inayomrudisha kwenye mtandao wa nyumbani, badala ya kutoboa ruta ili poti 8085 ionekane na dunia nzima. Kuna mashine zisizolala ambazo kazi yake ni kubisha hodi kwenye kila poti iliyo wazi, na huwa hazichukui muda kuifikia mpya.

Mahali pengine panapochanganya watu ni pale palipoandikwa HTTPS. Mtu aliyekwisha kuweka alama ya usalama kwenye seva ya Usenet hujiuliza kwa nini anaulizwa tena. Hizi ni kufuli mbili za milango miwili. Ya kwanza hulinda safari ya makala kutoka kwenye seva ya kampuni hadi kwenye kompyuta. Ya pili hulinda mazungumzo kati ya kivinjari na programu, safari ambayo mara nyingi haizidi urefu wa korido. Kufuli ya pili ikiwashwa, programu hujitengenezea cheti chake yenyewe, na kwa kuwa hakuna mamlaka inayotambulika iliyokitia muhuri, kivinjari hutoa onyo jekundu la kutisha. Onyo hilo halimaanishi kuwa mtu ameingiliwa. Linamaanisha tu kwamba cheti kimeandikwa na mwenye nyumba. Anayetumia 127.0.0.1 peke yake hana haja na kufuli hii. Anayeshiriki Wi-Fi na wengi anayo.

Kisha kuna funguo za API, mistari ya herufi na tarakimu 32 isiyotamkika. Hizi hutumiwa na programu nyingine, kama zile za simu zinazoonyesha foleni, ili zijitambulishe bila kuuliza nywila kila mara. Zipo mbili. Mmoja hufungua kila kitu, mwingine humruhusu mwenye nao kuongeza faili za NZB na basi. Programu ya kuongeza faili ipewe ule mdogo. Pembeni kuna kitufe cha kutengeneza ufunguo mpya, na kikibonyezwa, kila programu iliyokuwa na ufunguo wa zamani hufungiwa nje papo hapo. Ndivyo inavyotakiwa simu inapopotea. Mtu aliyebonyeza kwa kudadisi tu hujikuta akinakili mstari mpya kwenye kila kifaa alichonacho.

Sehemu ya kasi inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu kosa linalofanyika hapo halionekani. Programu huuliza kasi ya juu kabisa ya laini, kisha huuliza asilimia ngapi ya kasi hiyo itumike. Kampuni za intaneti hutangaza kasi kwa megabiti. SABnzbd hupima kwa megabaiti. Baiti moja ni biti 8. Laini iliyouzwa kama ya Mbps 20 inaleta, hata ikiwa katika siku yake njema, megabaiti 2.5 kwa sekunde, na hicho ndicho kinachoandikwa kwenye kisanduku: 2.5M. Mtu anayeandika 20M kwa kufuata tangazo amemweleza mtumishi wake kwamba laini ni pana mara nane kuliko ilivyo. Akiona nyumba inalalamika kwamba simu ya video inakatakata, hushusha asilimia hadi 50, na programu hutii kwa kujizuia isivuke megabaiti 10 kwa sekunde, kiwango ambacho haikuweza kukifikia tangu mwanzo. Hakuna kinachobadilika. Atashusha hadi 30, bado hakuna, na atahitimisha kwamba kifaa cha kudhibiti kasi ni kibovu. Angeandika 2.5M, asilimia 50 ingekuwa megabaiti 1.25, na simu ya video ingepumua mara moja.

Kwa anayelipia bando lenye kikomo, kasi ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili ni ujazo. Programu ina kipengele cha mgao: mtu huandika gigabaiti anazokubali kutumia kwa siku, wiki au mwezi, na zikiisha, upakuaji husimama. Mgao huo uwekwe chini kidogo ya bando lenyewe, kwani simu na kompyuta nyingine za nyumbani nazo zinakula sahani moja. Ikumbukwe pia kwamba faili yenye mapengo huhitaji vipande vya PAR2 juu ya ukubwa wake, hivyo gigabaiti 10 zilizoonekana kwenye orodha zinaweza kumaliza 10 na ushee.

Mwenye bando la usiku atataka pia ratiba, iliyo kwenye ukurasa wake: kusimamisha, kuendeleza, au kubadili kasi kwa saa maalumu. Hapa Mswahili ana mtego wake. Programu huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, kwa mzunguko wa saa 24. Saa 6 usiku ni 00:00, saa 11 alfajiri ni 05:00, na saa 1 jioni ni 19:00. Aliyeandika 06:00 akikusudia saa 6 usiku ataamka na kukuta bando la usiku limeisha muda wake bila kutumika, na programu ndiyo kwanza inaanza kula bando la mchana.

Akiba ya makala ni kisanduku kingine kwenye ukurasa wa jumla, nacho watu hukiogopa bure. Makala zinapoingia, programu huweza kuzishikilia kwenye kumbukumbu ya kompyuta kwa muda na kuziandika diskini kwa mkupuo, badala ya kuisumbua diski kwa kila kipande. Kwenye diski ya zamani inayozunguka tofauti husikika hata kwa sikio: ile kelele ya kukwaruza hupungua. Kiasi huandikwa kwa M au G. Kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 huweza kutoa 500M bila kujali. Kompyuta ya gigabaiti 2 ipewe 128M au 200M, maana kumbukumbu ikijaa, mfumo mzima hurudi kuitegemea diski na faida yote hupotea. Kuweka kiasi kikubwa mno hakuongezi kasi ya intaneti hata chembe.

Rangi za ukurasa, kufungua kivinjari kila programu inapowaka, kukagua toleo jipya: haya ni ya mtu na ladha yake. Kukagua toleo jipya kuachwe kumewashwa.

Folda nazo ni ukurasa wa pili, ingawa ni vigumu kusema mipangilio imekamilika kabla ya kuzipitia. Programu hutaka folda mbili, ya muda na ya vilivyokamilika. Ya muda ndiyo karakana: humo vipande huunganishwa na kukaguliwa. Ikae kwenye diski ya ndani, iliyo ya haraka. Ya vilivyokamilika inaweza kuwa diski ya nje. Nafasi huhesabiwa mara mbili, kwa sababu wakati wa kufungua furushi la gigabaiti 6, vipande vya zamani bado vipo na faili mpya inaandikwa katika folda ya vilivyokamilika, hivyo folda zote mbili zikiwa kwenye diski moja panahitajika gigabaiti 12 kwa kitambo. Kuna kisanduku cha nafasi ya chini inayotakiwa kubaki. Kikiandikwa 5G, programu husimama yenyewe diski inapokaribia kujaa badala ya kuikaba kompyuta nzima.

Diski ya nje na flashi zina mtego wake. Baadhi huuzwa zikiwa katika mpangilio wa FAT32, ambao haupokei faili moja inayofika gigabaiti 4, hata kama diski nzima ni tupu. Upakuaji huenda vizuri, ukaguzi hupita, kisha ufunguaji hushindikana mwishoni kwa ujumbe unaozungumzia uandishi. Diski ibadilishwe kuwa exFAT au NTFS, baada ya kuhamisha vilivyomo, kwani kubadilisha huko hufuta kila kitu.

Folda ya tatu ni ya hiari, nayo ni ya kuviziwa. Programu huichungulia kila baada ya sekunde chache, na NZB yoyote inayodondoshwa humo hupakiwa kwenye foleni bila mtu kufungua ukurasa. Ikishaisoma, huiondoa, kwa hiyo anayetaka kubaki na NZB zake aweke nakala mahali pengine.

Mabadiliko hayaanzi kufanya kazi mpaka kitufe cha kuhifadhi kilicho kwenye ukurasa kibonyezwe, na yale ya anwani, poti na HTTPS huhitaji programu izimwe na kuwashwa tena. Aliyekosea hapo anaweza kujifungia nje: anwani haifunguki, au nywila haikumbukwi. Si lazima kusakinisha upya. Kila kilichoandikwa kwenye kurasa hizi huhifadhiwa katika faili moja ya maandishi iitwayo sabnzbd.ini, ambayo kwenye Linux kwa kawaida hukaa ndani ya folda iliyofichwa ya .sabnzbd na kwenye Windows ndani ya folda ya data za programu za mtumiaji. Programu huzimwa kwanza, kwa sababu ikiwa hai inaweza kuyaandika ya kwake juu ya masahihisho. Kisha faili hufunguliwa kwa kihariri chochote cha maandishi, mstari wa poti au wa nywila husahihishwa au kuachwa mtupu, na programu huwashwa. Nakala ya faili hiyo ikichukuliwa siku kila kitu kilipokuwa sawa, kompyuta mpya hupangwa kwa dakika moja. Lakini ndani yake mna jina na nywila vya seva ya Usenet pamoja na funguo zote za API, hivyo anayeomba msaada asimtumie mtu faili nzima kabla ya kuifuta mistari hiyo.